Barafu Isiyoacha Maji

Rispa Nyaboke alikuwa mwanamke wa omena, wale dagaa wa ziwani. Kila wiki alishuka Homa Bay, akanunua omena pale gatini, akazipakia kwenye lori hadi Migori, na zilizobaki akazipeleka Kehancha siku ya soko. Alikuwa na mabega mapana na miguu myepesi, na sauti yake akiita wateja ilisikika kutoka barabara kuu mpaka mtoni. Mwaka wa 1966, ungemuuliza mtu yeyote wa Migori Rispa ni nani, angekuonyesha kibanda chake bila kufikiri. Kisha angeongeza, akicheka kidogo: "Yule binti wa Barafu Moshi."

Barafu Moshi lilikuwa jina la utani la babake, Monari.

Monari alikuja kutoka Kisii baada ya vita kuu ya pili, akapata shamba dogo karibu na mji, na kando ya barabara ya Isebania akaanza kazi ya kutengeneza baiskeli. Wakati wa vita alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Walimvusha bahari hadi India, kisha Burma, na huko akawekwa jikoni katika hospitali ya jeshi. Alirudi na hadithi nyingi na watu walizipenda. Walipenda ile ya nyumbu wa kubebea mizigo ya jeshi waliokatwa sauti kooni ili wasilie msituni adui akawasikia. Walipenda ile ya mvua iliyonyesha mpaka viatu vikaota uyoga. Hizo zote walizikubali. Moja tu ndiyo iliyowashinda.

"Karibu na hospitali yetu palikuwa na kambi ya Wamarekani wa ndege," Monari alikuwa akisema, huku akizungusha gurudumu mkononi. "Waliletewa aiskrimu ndani ya masanduku, na juu yake barafu nyeupe kama chokaa. Barafu ile haikuyeyuka. Iligeuka moshi. Unaiweka mahali, inapungua, inapungua, mpaka inakwisha, na hakuna maji. Hata tone."

Sasa, watu wa Migori walijua barafu ni nini. Walikuwa wameokota mvua ya mawe, wakaiona ikigeuka maji viganjani mwao. Waliowahi kuwapikia Wazungu wa mgodi wa Macalder walikuwa wameiona ndani ya friji za mafuta ya taa. Barafu ni maji, na ikipata joto inarudi kuwa maji. Kwa hiyo walicheka, wakampa jina, na Monari mwenyewe akacheka pamoja nao kwa miaka mingi.

Aliacha kucheka mwaka ule wa kupima mashamba.

Palikuwa na mjane aliyeitwa Nyamoita, ambaye shamba lake lilipakana na la Wangwe, mnunuzi wa ng'ombe. Wangwe alikuwa mtu wa maneno matamu, anayejua kuchekesha mnada mzima. Alisema mpaka uko kwenye mtaro. Nyamoita alisema hapana, mpaka ulikuwa mstari wa makonge ambao marehemu mumewe aliupanda, na ambao uling'olewa alipokufa. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, Monari, kwa kuwa ndiye aliyesaidia kuyapanda makonge hayo.

Monari aliposimama barazani, mbele ya wazee walioamua kesi za mashamba, na kuanza kueleza, Wangwe aliinua mkono.

"Wazee, huyu ndiye shahidi? Huyu aliyetuambia barafu hugeuka moshi? Kama macho yake yaliona hayo, basi yanaweza kuona makonge popote."

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Hata wazee waliokuwa wakiamua walifunika midomo. Monari alibaki amesimama, akingoja wanyamaze, lakini kila waliponyamaza mtu mmoja alianza tena. Mwishowe akaketi. Kipande cha shamba kikaenda kwa Wangwe.

Rispa alikuwa amesimama nyuma siku hiyo, kikapu kichwani. Alitarajia babake akirudi nyumbani atafoka, atapiga meza. Hakufoka. Alikaa mlangoni, akachukua gurudumu na kuanza kunyoosha spoki moja moja. Tangu siku hiyo hakusimulia tena habari za Burma. Hata wale nyumbu aliwanyamazia. Kanisani, siku ya Sabato, alihamia kiti cha nyuma karibu na mlango, na watu walipomwomba atoe ushuhuda alitikisa kichwa.

Miezi ikapita. Siku moja Rispa alikwenda Kisumu kwa meli kutafuta magunia mazuri ya kufungia omena. Alipokwisha kuyanunua, akipita stesheni ya reli, aliona wapagazi wakishusha sanduku kutoka kwenye behewa, na kwenye nyufa za sanduku moshi mweupe ukitoka. Haukupanda juu kama moshi wa kuni. Ulimwagika chini, ukatambaa sakafuni kama unga.

"Nyie! Kuna moto humo ndani!" Rispa alipiga kelele.

Mwanamume aliyekuwa akipokea sanduku aligeuka. Aliitwa Otieno, mtunza stoo wa hoteli moja ya mjini. "Si moto, mama," alisema akicheka. "Ni barafu. Inatoka Nairobi, ya kuhifadhia aiskrimu."

Rispa alisogea karibu. "Barafu ya namna gani inayotoa moshi?"

"Barafu kavu."

"Inaacha maji?"

"Maji yatoke wapi, mama? Hii haikutengenezwa kwa maji. Ile hewa inayofanya soda itoe mapovu, ndiyo hii. Wameishindilia na kuigandisha mpaka ikawa jiwe. Ikipata joto haipitii kuwa maji. Inaruka moja kwa moja hadi hewani. Huo moshi unaouona ni ukungu tu, unyevu wa hapa kwetu ulioshikwa na baridi yake. Yenyewe ikiondoka huioni."

Rispa aliketi juu ya magunia yake pale pale stesheni, akamweleza Otieno habari zote: Burma, Wamarekani, baraza, kiti cha karibu na mlango. Otieno alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akafungua sanduku, akavunja kipande kwa nyundo, akakifunga kwenye magazeti.

"Mpelekee mzee. Lakini usikishike kwa mkono mtupu, kitakuchoma. Na usikifungie kwenye chombo kisichopumua, kitapasua. Na usilale nacho chumba kimoja kilichofungwa, kinamaliza pumzi ya watu."

Rispa alikizungushia leso yake na kukiweka kikapuni. Kwenye meli hakuweza kutulia. Kila mara alifungua, akachungulia, akafunga. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipuliza. Walipofika Homa Bay kipande kilikuwa kama yai. Alikifunga upya, akapanda lori, akajizuia asikiguse tena mpaka Migori.

Alikwenda moja kwa moja kwa babake barabarani. Watu kadhaa walikuwa wameketi pale wakingojea baiskeli zao, na Wangwe alikuwa mmoja wao. Rispa hakujali. Kwa furaha aliyokuwa nayo, hata angekuta baraza lote angefanya vile vile.

"Tata, nimekuletea barafu yako!"

Akafungua leso mbele yao. Akafungua magazeti. Hamkuwa na kitu.

Wangwe alijishika mbavu. "Kweli imegeuka moshi! Sasa wamekuwa wawili!" Na wote wakacheka mpaka waliokuwa wakipita wakasimama kuuliza kuna nini.

Lakini Monari hakuwa akiwaangalia. Alikuwa amelichukua lile gazeti, akalipitishia kiganja. Akaishika leso, akaikunja, akaiweka shavuni. Ilikuwa bado baridi, na ilikuwa kavu kila mahali. Rispa aliona uso wa babake ukibadilika, kama mtu aliyesikia sauti ya rafiki nje ya nyumba.

"Ni yenyewe," Monari alisema polepole. "Rispa, umeipata wapi?"

Jioni hiyo alizungumza kuliko alivyozungumza tangu baraza. Alimweleza bintiye jinsi Wamarekani walivyoipakia: sanduku ndani ya sanduku, katikati unga wa mbao, na kila pengo lijazwe magazeti ili hewa isizunguke. Mfuniko ukae bila kubanwa, upumue. Na juu ya yote, mtu asifungue njiani.

"Wewe ulifungua mara ngapi?" aliuliza.

"Sikuhesabu, Tata."

"Ndiyo maana," alisema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akacheka.

Sanduku walilitengenezesha kwa Mirumbe, seremala Mkuria aliyekuwa na karakana njia ya Kehancha. Mirumbe aliuliza sanduku zito namna hiyo ni la kubebea nini. "La kubebea moshi," Rispa akamjibu, na yeye akadhani ni utani. Lakini alilifanya vizuri, mbao zikakutana bila mwanya, na unga wa mbao akaushindilia kwa rungu mpaka ukawa mgumu kama ukuta.

Rispa akarudi Kisumu na sanduku lake, akamwomba Otieno barafu nyingine, naye akakubali. Treni ilipofika alimpa Rispa donge zima, kubwa kama tofali la nyumba, wakalifukia kwenye magazeti pamoja.

Shida ilianzia kwenye meli. Baharia mmoja aliona moshi ukichungulia kwenye mfuniko, akataka sanduku lishushwe chini pamoja na mizigo na mlango ufungwe.

"Huko chini kuna akina mama wamelala na watoto," Rispa alisema. "Hii ikifungiwa nao itawamaliza pumzi. Itakaa hapa juu na mimi."

"Na mimi nikisema itashuka?"

"Basi utanishusha nayo."

Baharia alimtazama yale mabega, akaenda zake. Rispa alifunika sanduku kwa magunia, akaketi juu yake.

Walipofika Kendu Bay injini ikaharibika. Mafundi waliingia, wakatoka, wakaingia tena. Jua likapanda. Abiria walishuka kununua ndizi na kunyoosha miguu, lakini Rispa hakuthubutu kuondoka. Kila baada ya muda aliinua pembe moja ya sanduku kupima uzito. Lilikuwa likipungua. Hakuna kilichomwagika, hakuna kilicholowa chini yake, mbao zilikuwa kavu, na bado kila alipoinua mkono wake ulilikuta jepesi zaidi. Alikuwa amezoea mizigo inayovuja, ambayo unaona unachopoteza. Huu ulikuwa ukiondoka machoni pake bila kuonekana.

"Si ufungue tu uone kama imebaki?" mwanamke mmoja aliyeketi karibu alimwambia.

"Nikifungua ndiyo itaondoka," Rispa alijibu, akajikalia vizuri zaidi. Aliomba kimoyomoyo. Alikumbuka kicheko cha barazani, na alikumbuka shavu la babake kwenye leso. Hakufungua.

Meli iliingia Homa Bay jua likitua. Dereva wa lori aliyezoea kumbebea omena alikubali kumpakia kesho yake asubuhi, ingawa utingo wake alisema lile ni bomu na akasafiri amening'inia upande mwingine kabisa. Ilikuwa siku ya soko Migori. Lori liliposimama, Rispa aliteremsha sanduku, akalitua katikati ya soko, akasimama kando yake na kuita kwa ile sauti yake ya kuuzia omena.

"Njooni! Njooni mwone barafu ya Monari! Wangwe, najua uko mnadani, njoo! Na wale mliocheka barazani, njooni mbele!"

Watu walikuja. Walitoka kwenye vibanda vya nguo, kwenye mahindi, kwenye ng'ombe. Wazee wawili wa baraza walikuja na fimbo zao. Monari aliitwa, akafika na nguo zake za kazi zenye grisi, mkononi vipande viwili vya ngozi alivyotumia kwa viti vya baiskeli. Alipita katikati ya watu. Rispa alisogea kumpisha.

Monari aliondoa mfuniko. Ukungu mweupe ulifurika, ukashuka ubavuni mwa sanduku na kutambaa kwenye miguu ya watu. "Wuololo!" mama mmoja aliruka nyuma. Monari alichimbua magazeti, akaingiza mikono yenye ngozi, akatoa donge. Lilikuwa limebaki kama ngumi mbili. Rispa, aliyekuwa hapumui, akapumua.

Wangwe alisukuma watu akafika mbele, akanyoosha kidole na kuligusa. Akaruka. "Inachoma!"

"Usiishike kwa mkono mtupu," Monari alisema kwa upole.

"Ngoja tuone," Wangwe alisema akipuliza kidole. "Sasa hivi itatoa maji kama barafu nyingine."

Hapo Monari alifanya jambo ambalo hata Rispa hakulitarajia. Alimtuma mtu alete mpira wa ndani wa baiskeli kutoka kibandani kwake. Akaukata, akafunga ncha moja kwa utepe wa raba, akaufikicha mpaka kila mtu akaona ndani hamna kitu. Akavunja barafu vipande vidogo kama karanga, akavidondosha ndani, akafunga ncha ya pili. Ulikuwa umelala bapa mchangani kama ngozi ya nyoka.

"Hakuna pampu hapa," alisema. "Mnaona."

Mpira ulianza kuinuka. Kwanza kidogo, katikati. Kisha ukajinyoosha, ukajaa, ukawa mviringo, mpaka Wangwe alipoubonyeza kwa kiatu ulimrudisha. Hakuna aliyecheka. Monari alichukua kisu, akatoboa ncha, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu. Alipasua mpira wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaufungua kama kitabu na kuwapa wazee wa baraza waupapase kwa vidole vyao wenyewe.

"Ni mkavu," mzee wa kwanza alisema.

"Mkavu kabisa," akasema wa pili, akiwaonyesha watu vidole.

Ndipo Nyamoita, yule mjane, akapaza sauti kutoka nyuma. "Lakini hii si kama nafthalini ya kufukuzia nondo? Unaiweka kwenye sanduku la nguo, baada ya muda imekwisha, na hujaona nguo zimelowa hata siku moja!"

Wanawake wote waliguna kwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguo ya kanisani asiyejua jambo hilo. Walikuwa nalo nyumbani siku zote. Walianza kuelezana wao kwa wao, na waume zao wakaelezwa na wake zao, mpaka soko zima likawa linazungumza habari ya vitu viendavyo hewani bila kupitia majini.

Mzee wa baraza alimgeukia Monari. "Mzee Monari," alisema, na hakutumia jina lile lingine. "Yale makonge. Unaweza kutuonyesha yalipokuwa?"

"Hata leo," Monari akajibu.

Hawakwenda siku hiyo, lakini wiki iliyofuata walikwenda na majembe. Monari alitembea kutoka kwenye mti wa mjohoro hadi kwenye jiwe, akasimama, akasema, "Hapa." Wakachimba. Chini ya nyasi palikuwa na vishina vya makonge vilivyooza, kimoja baada ya kingine, katika mstari ulionyooka, ndani kabisa ya sehemu ambayo Wangwe alikuwa amekwisha kuilima.

Wangwe aliinama, akaviangalia. Alikuwa mtu mjanja, lakini si mtu wa kubishana na kilichofukuliwa mbele yake.

"Siku ile niliwachekesha kwa sababu niliona kicheko kitanisaidia," alimwambia Monari. "Si kwamba nilijua unadanganya."

"Najua," Monari alisema. "Mwambie Nyamoita."

Akamwambia, na jua halikutua kabla hajauhamisha uzio wake.

Rispa alikuwa amekwenda nao shambani. Ilikuwa siku ya kupeleka omena Kehancha, na magunia yalibaki kibandani yamefungwa. Hakujuta. Alirudi mjini akitembea hatua moja nyuma ya babake, akiangalia jinsi watu walivyosimama kumwamkia, na jinsi yeye alivyowaitikia bila haraka, mgongo umenyooka. Rispa hakuhitaji mtu amwambie ni nani aliyefanya hayo yote. Alijua, na alibeba kujua huko kama anavyobeba kikapu kilichojaa, bila kukishika kwa mikono.

Kabla hawajafika mtoni Monari alianza kuzungumza. Alimweleza habari za kijana mmoja kutoka Nyasaland waliyefanya naye kazi jikoni kule hospitalini, aliyekuwa akiimba akimenya viazi, na ambaye siku moja alimwekea kipande cha ile barafu ndani ya kiatu ili amshtue. Alikufa kwa homa karibu na mwisho wa vita. Rispa hakuwa amewahi kusikia jina lake.

"Aliimba nini, Tata?" aliuliza.

Monari alifikiri kidogo. Kisha, katikati ya barabara, na watu wakipita na ng'ombe wao, akaanza kumwimbia.